TUTEMBEE NCHI YETU: Ziwa Michaelson, Juu ya Mlima Kenya



Juma lililopita nilipokea barua ya mkulima mmoja wa kahawa, mkaaji wa upande wa Embu, ambaye baada ya salamu za heshima aliniuliza swali lenye ukali kidogo. Alitaka kujua mtu mzima, mwenye mke na watoto na kazi ya kumpa riziki, anafuata nini katika baridi ya mlimani, hali huko hakuna soko, wala jamaa, wala shamba. "Maji ninayo mtoni kwangu," aliandika, "na baridi ninayo kila mwezi wa Julai. Ya nini kufuata mengine juu ya mawingu?"

Swali hili si la upuuzi, wala halifai kujibiwa kwa mzaha. Wengi wetu tuliozaliwa chini ya Mlima Kenya tumeuona alfajiri tangu utoto wetu. Lakini tukiulizwa kuna nini huko juu, hatuna la kusema ila theluji na mawe. Mgeni aliyefika jana kutoka Ulaya aweza kututajia mabonde na maziwa yake kwa majina, nasi tukabaki kumsikiliza kama watoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo leo nitajibu kwa kueleza safari moja niliyoifanya wakati wa likizo, pamoja na wenzangu watatu, kwenda kulitazama Ziwa Michaelson. Msomaji akiisha kusoma, na apime mwenyewe kama iko faida au hakuna.

MAHALI LILIPO

Ziwa hili limo upande wa mashariki wa mlima, ndani ya korongo refu liitwalo Bonde la Gorges, katika kimo cha karibu futi 13,000 juu ya usawa wa bahari. Si ziwa kubwa. Aliyezoea kuliona Ziwa Victoria, au hata la Naivasha, atacheka akiambiwa kwamba hili nalo ni ziwa. Lakini sifa yake si upana, bali ni mahali lilipowekwa. Limezungukwa na majabali, na upande mmoja genge la mwamba limesimama wima juu yake kwa kadiri ya futi 1,000. Waliolichora genge hilo katika ramani waliliita Hekalu, na kwa kweli mtu asimamapo chini yake huvua kofia bila kuambiwa.

Ziko njia kadhaa za kuupanda mlima: iko ya Naro Moru upande wa magharibi, iko ya Sirimon upande wa kaskazini-magharibi, na iko ya Chogoria upande wa mashariki. Atakaye kuliona ziwa hili na ashike ya Chogoria, ambayo ilifunguliwa katika miaka ya 1920, wakati misheni ya Kanisa la Scotland ilipokuwa ingali changa mahali hapo. Kutoka mji wa Chogoria hadi lango la Hifadhi ya Taifa ni maili zipatazo 18. Wakati wa kiangazi gari lenye nguvu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, hufika bila taabu kubwa; wakati wa mvua njia huwa tope tupu, na abiria hushuka wakasukuma.

Sisi tulikwenda mwezi wa Februari. Tulikuwa wanne: mimi, binamu yangu ambaye ni mkulima, rafiki yetu mwenye duka, na kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye aliwaahidi wanafunzi wake kwamba atawaletea picha yake akiwa amesimama juu ya kilele cha Lenana, chenye futi 16,355. Shauri letu lilikuwa kulala penye ziwa, kisha kuendelea mpaka kilele hicho. Tuliajiri wapagazi wawili na kiongozi wa njia, mzee wa Chogoria mwenye mvi, ambaye amepanda mlima huo tangu ujana wake hata hana hesabu tena.

NCHI INAVYOBADILIKA

Jambo la kwanza linalomshangaza msafiri ni kwamba katika siku mbili anapita kama nchi tano. Chini kabisa yako mashamba ya kahawa na chai tunayoyajua. Baada yake ni msitu mkubwa wa mikafuri na mipodo, ambamo ndovu na nyati hupita, na kiongozi wetu hakuruhusu mtu aachane na wenzake hata kwa haja ndogo. Halafu ni mianzi, iliyosongamana hata jua haligusi ardhi. Ukitoka katika mianzi unakuta miti ya hagenia, yenye mashina yaliyopindapinda na matawi yanayoning'inia ndevu za kijani kama wazee wa baraza. Kisha ghafula miti inakwisha, na mbele yako ni nyika ya manyasi ya mashungi na vichaka, na upepo.

Usiku wa kwanza tulilala karibu na lango, katika kimo cha futi 9,700 hivi. Mwenye duka alitaka tuendelee kwa kuwa jua lilikuwa bado juu, lakini kiongozi alikataa. Alisema, "Wanangu, mlima huu haupandwi kwa miguu, unapandwa kwa usingizi. Laleni hapa, damu yenu ijue kwamba imehama." Tulidhani ni mzaha wa wazee. Baadaye tulijua kwamba maneno hayo ni elimu kamili.

Siku ya pili tulifika Ziwa Ellis, ambalo ni pana na lenye maji ya kina kifupi, mahali palipo wazi, zaidi ya futi 11,000 juu. Humo wamo samaki wa aina ya trauti. Samaki hao si wenyeji wa nchi hii. Trauti wa kwanza waliletwa kutoka Scotland mwaka 1905 wakatiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare, na baadaye jamaa za trauti wakaenezwa katika mito na maziwa mengine ya nchi za juu. Wavuvi wa ndoana hutoka mbali kuwafuata. Usiku huo maji katika sufuria yetu yaliganda juu, na asubuhi manyasi yote yalikuwa meupe kwa sakitu.

MIMEA YENYE AKILI

Siku ya tatu tuliingia katika Bonde la Gorges. Hapa nataka mkulima wa Embu asikilize vizuri, maana ni habari za kilimo, ingawa mkulima wake ni Mungu mwenyewe.

Katika kimo hicho, mchana jua huwaka kwa ukali hata likaunguza ngozi, na usiku baridi hugandisha maji. Mambo hayo hutokea kila siku, mwaka mzima. Hakuna msimu wa kupumzika. Mgomba wetu au muhindi ungewekwa huko usingeiona juma ya pili. Lakini uko mmea mmoja uitwao lobelia, ambao majani yake yamepangwa kwa mviringo kama bakuli, na ndani ya bakuli hilo umejaa maji. Usiku maji ya juu huganda yakawa kifuniko cha barafu. Maji ya chini hayagandi, na chipukizi changa lililo katikati hukaa salama ndani yake mpaka jua lichomoze. Uko na mmea mwingine wa jamii ya sinesio, mrefu kuliko mtu, wenye kichwa kama kabichi kubwa. Huo hauangushi majani yake makavu. Huyaacha yakauvika shina zima kama blanketi, na jua likizama, majani mabichi hujikunja yakafunika moyo wa mmea, kama mama amfunikavyo mtoto wake mgongoni.

Wako na viumbe wengine. Pimbi hukaa katika miamba, wanene na wenye manyoya mazito kuliko ndugu zao wa nyika za chini, na hawamwogopi mtu. Ndege chozi, kijani kinachong'aa, hurukaruka kati ya lobelia akinyonya maua. Binamu yangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisimama muda mrefu akimtazama ndege huyo, kisha akasema, "Huyu naye ana kazi yake huku, na hajapata kulalamika juu ya baridi."

Njia hupita kando ya Mto Nithi, ambao huporomoka kwa ngazi ya mawe, bwawa baada ya bwawa. Yapata saa nane za mchana tulipanda kizingiti cha mwisho, nasi tukaliona ziwa.

Maji yake hayakuwa ya buluu kama nilivyodhani, bali yalikuwa meusi kama wino karibu na genge, na kijani pembeni ambapo jua lilifika. Hapakuwa na sauti ila ya maji yaliyotiririka kutoka majabalini. Sauti ya mtu aliyenena kwa kawaida ilirudi kutoka ng'ambo kana kwamba mtu mwingine amejibu. Tulikaa hapo alasiri nzima tukinywa chai. Nakiri kwamba tangu nianze kazi ya ofisi sikupata alasiri moja ambayo sikutazama saa, isipokuwa hiyo.

USIKU WA SHIDA

Baada ya jua kuzama mwalimu wetu alikataa chakula. Alisema amechoka tu. Kiongozi alimtazama kwa mwanga wa taa, akamwuliza kama kichwa kinamwuma. Hapo kijana alikiri kwamba kichwa kilimwanza tangu jana yake kule Ziwa Ellis, bali alikificha kwa kuona haya, asije akaonekana dhaifu mbele ya watu waliomzidi umri. Saa mbili za usiku alitapika. Saa nne alikuwa akikohoa, na ingawa alilala kimya, alipumua kama mtu aliyepiga mbio.

Mzee alimsimamisha akamwambia atembee hatua kumi kwa mstari ulionyoka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa kidole cha mguu mwingine. Kijana alikwenda hatua tatu akayumba kama mlevi, naye katika maisha yake hajaonja pombe. Mzee hakungoja zaidi. Aliwaambia wapagazi wafungue mahema, maana tunashuka sasa hivi.

Mwenye duka hakupendezwa. Alikumbusha kwamba tumelipa pesa nyingi, kwamba giza lilikuwa nene na njia ya mawe, na kwamba mgonjwa aweza kupumzika mpaka asubuhi kisha wengine wakaendelea Lenana. Mwalimu mwenyewe alimwomba mzee, "Niache nilale, Mzee wangu. Kesho nitakuwa mzima. Nimewaahidi watoto."

Mzee akamjibu kwa upole, "Mwalimu, wewe wawafundisha wajukuu wangu kusoma, nami nakushukuru kwa hilo. Lakini huku mlimani mwalimu ni mimi. Nimepata kuwaona watu waliongoja asubuhi. Inuka."

Tulishuka usiku kucha kwa tochi. Mpagazi mmoja alikwenda mbele, wa pili alimshika mgonjwa mkono wa kulia, na binamu yangu mkono wa kushoto. Mahali pa mteremko mkali walimbeba. Ilikuwa kazi ya jasho na hofu, na mara mbili mgonjwa alikaa chini akasema aachwe. Lakini jambo la ajabu ni hili: kulipopambazuka, tulipokuwa tumekwisha teremka chini ya futi 11,000, kijana alianza kuomba chai. Yapata saa tatu alikuwa akitembea mwenyewe. Tulipofika chini tulimpeleka hospitali, daktari akamsikiliza kifua, akasema kwamba maji yalikuwa yameanza kuingia katika mapafu, na kwamba laiti angengoja mpaka asubuhi penye ziwa, yamkini tungeshuka na maiti.

Hatukukiona kilele cha Lenana. Mwenye duka, ambaye usiku ule alinung'unika, ndiye aliyemlipa mzee zawadi kubwa kuliko sisi sote.

SABABU YA UGONJWA HUO

Watu wengine husema kwamba mlima umemkataa mtu. Tusiseme hivyo, maana maneno hayo huwazuia wagonjwa wasipate msaada. Sababu ni hewa. Katika kimo cha futi 13,000 hewa ni nyepesi, na kila pumzi humpa mtu oksijeni kama sehemu tatu katika tano tu ya ile aipatayo mkaaji wa Mombasa. Mwili waweza kuzoea, lakini huhitaji siku, si saa. Mtu akipanda upesi kuliko mwili unavyozoea, kwanza huumwa kichwa, hukosa hamu ya chakula na usingizi. Akiendelea kupanda, maji huweza kuingia mapafuni, au ubongo ukavimba, naye akafa katika muda wa siku moja au mbili. Ugonjwa huu hauchagui. Kijana mwenye nguvu hupatwa kama mzee, na pengine zaidi, kwa kuwa nguvu zake humpeleka mbio. Hata aliyepanda kwa utaratibu aweza kupatwa, kama mwenzetu.

Dawa ya kwanza ni kushuka, tena bila kungoja. Mlima wetu una hatari ya pekee kwa sababu mtu huweza kufika juu sana upesi. Gari humchukua asubuhi kutoka mashambani, na jioni yuko juu ya futi 10,000. Haraka haraka haina baraka.

ZIWA LILIVYOFANYIKA, NA MAJI YAKE YAENDAKO

Sasa nirudi kwa mkulima wa Embu, ambaye amesema kwamba maji anayo mtoni kwake. Je, amepata kujiuliza yametoka wapi?

Mlima Kenya ni mlima wa moto uliozimika zamani sana. Moto wake ulikoma zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Vile vilele vya Batian, chenye futi 17,057, na Nelion, kilicho chini yake kidogo, ni kama kisiki cha mlima uliokuwa mkubwa zaidi. Baadaye zilikuja zama za baridi, barafu ikaujaza mlima na kuteremka mabondeni. Barafu hiyo haikukaa kimya. Ilijongea polepole kwa uzito wake, ikikwangua mwamba kama randa ya seremala, ikachimba mashimo na kuacha kingo za mawe. Ilipoyeyuka, mashimo hayo yakajaa maji. Ndivyo lilivyofanyika Ziwa Michaelson, na vivyo hivyo maziwa mengine madogo ya mlima huu.

Kutoka ziwani maji hushuka kwa Mto Nithi, ambao umeipa Kaunti ya Tharaka-Nithi sehemu ya jina lake, na mwisho huingia Mto Tana unaokwenda mpaka Bahari ya Hindi. Mito mingine ya mlima huohuo, kama Thiba na Nyamindi, hunywesha mpunga wa Mwea. Ile ya magharibi na kaskazini huingia Ewaso Ng'iro, nayo hunywesha mifugo ya nchi kavu. Basi mchele wa Mwea, chai ya Chogoria na ngamia wa Isiolo wana baba mmoja.

Hapa yafaa kusahihisha fikira moja. Wengi hudhani kwamba mito hii yatoka katika barafu ya kileleni, na kwa kuwa barafu hiyo inakwisha, mito nayo itakauka. Ni kweli kwamba barafu inakwisha. Mwaka 1899, Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian pamoja na Wataliano wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, akisaidiwa na wapagazi Waswahili na Wakikuyu, mlima ulikuwa na mito ya barafu 18. Leo mingi imetoweka kabisa. Ule mkubwa uitwao Lewis, kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010 ulipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Wataalamu wanasema kwamba kuzidi kwa joto la dunia kumeuharakisha mwisho wake. Wajukuu wetu watausikia weupe wa mlima katika hadithi tu.

Hata hivyo, barafu hiyo hutoa sehemu ndogo tu ya maji ya mito yetu. Sehemu kubwa ni mvua na ukungu, ambavyo hushikwa na msitu, na mianzi, na yale manyasi na udongo mweusi wa nyika ya juu tuliyoipita kwa miguu. Udongo huo ni kama sponji. Hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Mtu akiukanyaga huona maji yakichuruzika pembeni mwa kiatu. Kwa hiyo anayeunguza nyika hiyo, au kukata msitu ulio chini yake, hufunga bomba la jirani yake. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa za mlima. Wengine tuliuona moshi kutoka nyumbani tukasema, "Mlima unaungua," tukarudi kulala. Ungekuwa moto wa ghala la jirani tusingelala.

MLIMA NI WA NANI?

Jina la ziwa ni la kigeni, kama yalivyo majina mengi ya huko juu. Lakini mlima haukungoja wageni ili upewe jina. Wakikuyu waliuita Kirinyaga na Wameru wakauita Kirimaara, na wazee waliomba dua wakiuelekea. Mmisionari Johann Krapf alipouona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mtu mkuu wa Kitui. Na alipoandika kwamba iko theluji karibu na ikweta, mabingwa wa Ulaya walimcheka kwa miaka mingi. Wachungaji na wawindaji wa mlimani wangaliulizwa, wangalimaliza ubishi ule kwa siku moja.

Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1949, na mwaka 1997 UNESCO iliuandika mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uhuru ulipopatikana, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huo. Hayo yote ni mema. Lakini urithi usiotembelewa na mwenyewe husahauliwa, na kilichosahauliwa huharibika bila mtu kulia.

SHAURI KWA ATAKAYE KWENDA

Kwanza, chagua miezi mikavu, yaani Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Pili, lala usiku mmoja karibu na lango na mwingine Ziwa Ellis kabla ya kufika Michaelson. Tatu, ajiri kiongozi wa njia mwenye kujulikana, na umtii. Atakalosema juu ya kushuka lisibishiwe na mwenye pesa. Nne, chukua nguo za sufu, koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, soksi kavu za kubadili na mfuko mzito wa kulalia. Suruali ya kwendea ofisini haifai kitu huko. Tano, usiwashe moto wa kuni. Pikia jiko la gesi au la mafuta, na takataka zote uzirudishe chini mgongoni mwako. Sita, kichwa kikikuuma, sema. Hakuna aibu katika kuumwa. Aibu ni kuwabebesha wenzako maiti kwa sababu ya haya.

Asiye na nafasi ya safari ndefu na aende mpaka langoni tu, asimame penye mwisho wa miti, atazame juu na chini. Walimu wanaweza kuwapeleka wanafunzi wakubwa, na vyama vya watumiaji wa maji wangefanya vyema kutuma wajumbe wao, waone kwa macho chanzo cha kile wanachogombania kila kiangazi. Wakulima wawili wanaoshtakiana kwa mfereji, wakipelekwa pamoja kusimama juu ya sponji ile, nadhani watarudi na kesi moja badala ya mbili: nani ailinde.

Basi, ndugu yangu wa Embu, hilo ndilo jibu langu. Maji unayo mtoni kwako, ni kweli. Lakini mtu mwenye ng'ombe wa maziwa hutembelea zizi, hangoji kibuyu tu.

Mwalimu wetu yu mzima na anafundisha. Picha ya Lenana hakuipata, bali aliwachorea wanafunzi wake lobelia ubaoni, akawaeleza bakuli lake la barafu. Nasikia kwamba sasa kila mtoto wa darasa lake anataka kujua maji ya bomba la shule yatoka wapi, na mwalimu mkuu amechoka kuulizwa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu barua tatu zilizouliza habari za Ziwa Bogoria na chemchemi zake za maji moto. Wenye maswali mengine na waandike kwa hati inayosomeka.